Mtambo Uliorusha Marehemu

Palikuwa na nchi, na mkitaka isiwepo basi haikuwepo, shauri yenu. Jina lake halitajwi hapa, si kwa woga, hata kidogo. Ni kwamba wenyewe walikuwa wakilibadilisha kila Mtukufu wao alipopata mafua, na aliyelitaja la jana alikamatwa sawasawa na aliyelitaja la kesho.

Nchi hiyo ilikaa juu ya mlima. Mbele yake palikuwa na korongo lenye ukungu, na ng'ambo ya korongo palikuwa na mlima mwingine, mrefu kidogo, kama dada mkubwa anavyompita mdogo wake kwa kilemba. Huko waliishi watu walioitwa Watu wa Ng'ambo, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kuwauliza wanajiitaje. Walilima ulezi, wakafuga mbuzi, hawakuwa na ubaya na mtu. Kosa lao lilikuwa moja tu: mlima wao ulikuwa mrefu, hivyo jua likichomoza liliwaamkia wao kwanza, ndipo lije kumwamkia Mtukufu.

Babu yake Mtukufu alivumilia. Baba yake akatuma mjumbe kuwaambia waushushe mlima wao. Watu wa Ng'ambo wakajibu kwamba wangependa sana kumfurahisha, ila mlima waliukuta hivyo hivyo. Jibu hilo likahesabiwa kuwa tusi, vita vikatangazwa.

Sasa vita vya milimani si kama vya huku bondeni, ambako mtu anachukua rungu akavuka shamba la jirani. Korongo lile lilikuwa na kingo kama ukuta. Askari waliotumwa kulivuka walishuka wakiimba, wakakaa huko chini, na wimbo ukaisha wenyewe. Ndipo mafundi wa Mtukufu wakajenga mtambo.

Ulikuwa na boriti ya mti mzima wa mkarambati, imelazwa juu ya mhimili kama pembea ya watoto. Upande mfupi ulining'inizwa sanduku la udongo, zito kama kiburi. Upande mrefu ulikuwa na kombeo la ngozi ya nyati, na humo ndimo jiwe lilimolazwa. Watu waliuvuta upande mrefu chini kwa kamba za katani, ukafungwa kwa kabari. Kabari ikichomolewa, sanduku linashuka, boriti inaruka, jiwe linakwenda Ng'ambo. Jina lake la kiserikali lilikuwa Mkono Mrefu wa Mtukufu. Lakini kabla ya kurusha uliguna, ukavuta pumzi, ukatetemeka, kisha ukafyatuka, basi watu wakauita Chafya. Na kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu, ulipofyatuka waliujibu, "Afya." Ikabidi litolewe tangazo kwamba kuitakia afya silaha ya Serikali ni kueneza uvumi kuwa inaumwa.

Aliyekuwa akichomoa kabari aliitwa Mfyatuaji Mkuu, na katika zama za hadithi hii cheo hicho kilikuwa cha Sangoda. Alikuwa mtu mpole, mwenye viganja kama sinia, asiyependa maneno. Alipewa joho lenye mkia wa tumbili mgongoni, na alilipenda joho lile. Kubeba mawe walibeba wengine. Kuyaona yakianguka hakuona mtu, kwa sababu ya ukungu. Yeye alichomoa tu, akasikia kishindo kwa mbali, akaenda nyumbani kula. Ukimuuliza kama ameua mtu angekushangaa, kama vile umemuuliza mlango kama ameiba.

Lakini mtu yeyote aliyewahi kutupa mawe mahali pamoja kwa muda mrefu anajua kinachotokea. Mlima wa Ng'ambo ulianza kurefuka. Kila jiwe lililotua lilikaa juu ya mwenzake, na huku kwa Mtukufu, mawe yalikokuwa yakitoka, mlima ukawa unapungua. Jua likazidi kuchelewa. Wananchi walilitazama jambo hilo wakanyamaza, maana kulikuwa na Waziri wa Mawe, na kazi ya kuelewa ilikuwa yake.

Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Kupaza. Alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa akawaeleza.

"Ndugu wananchi, adui amevimba. Kuvimba ni dalili ya nini? Ni dalili ya maumivu. Mkimwona mtu kavimba jicho, mnasema huyo ameshinda?"

Wakasema hapana. Akawaambia kwamba kupungua kwa mlima wao kusiwatishe, hiyo ni nchi inajinyenyekeza, na unyenyekevu ni sifa njema. Wakapiga makofi. Kisha mawe yakaisha.

Yaliisha kabisa. Ukitaka la kusagia dawa unaazima kwa jirani. Waliorusha mafiga wakala chakula kibichi. Waliorusha kingo za mashamba wakashtakiana mipaka. Mtambo ukakaa kimya siku za kutosha ndege kuanza kuujengea. Ndipo Waziri Kupaza akakumbuka kwamba kila nyumba imebakiza mawe, tena mazuri, mviringo, yaliyochaguliwa kwa makini.

Hapa inabidi mwelezwe desturi. Mtu akifa katika nchi hiyo huzikwa shambani, popote penye udongo laini, na kaburi halitunzwi. Kinachotunzwa ni jiwe. Kila marehemu ana jiwe lake. Matanga yakiisha huwekwa ndani kando ya jiko, uso ukitazama mlango. Maana jiwe lina uso na kisogo, na asiyeweza kutofautisha hakulelewa. Jioni, kabla watu hawajala, hulidondoshea uji na kuliuliza limeshindaje. Halijibu. Lakini nyumba yenye jiwe haina upweke, moto wake hauzimiki ovyo, na marehemu anajua pa kurudi. Jiwe likihama, naye anahama. Hayo kila mtoto aliyajua, na Serikali pia iliyajua, maana hata Serikali ina wazazi.

"Walio hai wametoa jasho lao," Waziri akatangaza. "Je, marehemu wametoa nini? Tangu wafe wamekaa jikoni wanakunywa uji."

Basi marehemu wote wakaandikishwa jeshini. Wenye mawe madogo wakawa askari wa kawaida, wenye mawe makubwa wakawa makamanda. Familia zikaagizwa kupiga vigelegele mawe yakitoka, na mwenye kulia alie kwa furaha.

La kwanza lilikuwa jiwe la mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mizinga ya nyuki. Sangoda akachomoa kabari kama kawaida, Chafya ikaguna, ikafyatuka. Ila mawe ya zamani yalikuwa yakivuma hewani kama nyigu. Hili halikuvuma. Lilikohoa. Lilikohoa kile kikohozi cha mzee anayekaribia nyumba ya mkwewe, ili walio ndani wajitande vizuri. Kikohozi kikavuka korongo, kikapotelea katika ukungu, na baadaye sana kikasikika kishindo.

Alasiri, ukungu ulipopanda, Sangoda alikuwa anapaka mafuta mhimili. Akamwona yule mzee akishuka kuelekea korongoni, mkongojo mkononi, taratibu, kama mtu anayekwenda safari asiyoipanga. Alipofika karibu na mtambo alisimama.

"Samahani, kijana. Limeangukia uso au kisogo?"

Sangoda akasema hajui, hakuna anayeona huko.

"Haidhuru," mzee akasema. "Kama limeangukia uso sitaona njia. Nitakwenda nikipapasa."

Akaingia katika ukungu. Kwa muda mrefu mkongojo wake ulisikika ukigonga jiwe hili na lile, huko chini, ukitafuta.

Tangu hapo wakawa wanapita kila alasiri, wale waliorushwa asubuhi. Wanawake waliofia uzazini, wamebeba watoto mgongoni. Vijana waliokufa kwa homa, bado wanatetemeka. Walimwamkia Sangoda, naye akawaitikia, maana hata kama mtu kafa, salamu ni salamu. Hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemtukana angalau angepata la kuwajibu. Waliuliza tu, mmoja baada ya mwingine, uso au kisogo, na yeye akajibu tu kwamba hajui.

Huku kijijini nyumba zikapoa. Moto ukiwashwa ulitazama huku na huku kama mgeni, kisha ukazimika. Maziwa hayakuganda. Watu wazima walipotea njia ya kwenda visimani kwao. Wakazaliwa watoto wasiofanana na mtu yeyote. Mama akimtazama mwanawe anamwona mzuri, mzima, lakini hajui amwite kwa jina la nani. Wizara ikaeleza kwamba baridi hiyo ni ya kawaida ushindi unapokaribia.

Na jioni, jambo baya kuliko yote. Jua likishuka, sauti zilianza kutoka Ng'ambo. Watu wa kule nao ni wa milimani, desturi ni ile ile. Wakiokota jiwe lenye uso hawawezi kuliacha limelala. Walikuwa wakiyasimamisha mawe, moja moja, wakayaelekeza huku yalikotoka, wakayadondoshea uji. Kisha mtu mmoja mwenye sauti nene akawa anasimama ukingoni na kuuliza.

"Nyie huko. Aliyefika leo ni nani, tumwite?"

Huku watu waliinamia ugali wao. Sheria ilikwisha tolewa: atakayetaja jina la marehemu kuvuka korongo anafichua siri za jeshi, na adhabu yake ni kunyimwa jiwe. Siku akifa hatawekewa kitu jikoni. Atazurura katika ukungu milele, kama moshi unaotafuta nyumba ya kutokea. Kifo watu wale walikizoea. Hilo hawakuweza hata kulifikiria wakiwa wamesimama.

Kwa hiyo Watu wa Ng'ambo, wakikosa majina, wakawapa marehemu majina ya kubahatisha. Ungewasikia wakiita, kwa upole, kama mnavyomwita mgeni mliyemzoea: Mgeni wa Mvua, karibu uji. Mgeni Mwenye Kovu, sogea karibu na moto, kuna baridi. Na nyumbani kwa Sangoda mkewe, Mboni, alisimama mlangoni akisikiliza, akijaribu kujua yupi kati ya wale ni mama yake.

Maana jiwe la mama huyo, mkwewe, Sangoda alilirusha mwenyewe. Kwa desturi mtu hamtazami mkwewe usoni, basi hata jiwe lake aliligeuzia shavu, akalipakia bila kuangalia limekaaje. Akachomoa. Akarudi nyumbani, akala. Tangu siku hiyo Mboni aliongea naye maneno ya lazima tu, kama vile chumvi na mlango.

Jiwe lililobaki katika nyumba ile lilikuwa la mama yake Sangoda, Nakiete. Huyu enzi za uhai wake alikuwa mwanamke mnene, mwenye ulimi. Alijichagulia jiwe mwenyewe, mtoni, kubwa kuliko yote ya kijiji, likavutwa na watu kama ng'ombe mkaidi. Alipoulizwa la nini kubwa hivyo, akasema hataki mkaza mwana awe anamsogezasogeza anapofagia. Na kweli Mboni alifagia kwa kulizunguka, siku zote.

Ndipo ikaja habari kwamba Mtukufu anakuja mwenyewe kushuhudia mlima wa adui ukivunjika. Ilitakiwa pigo la mwisho, na pigo la mwisho linataka jiwe la heshima. Waziri Kupaza akaja hadi nyumbani, akainama mlangoni, akalitazama jiwe la Nakiete kama mtu anayetazama fahali mnadani.

Sangoda akavua joho lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mkubwa. Akamwambia, "Mheshimiwa, huyo ni mama yangu."

"Ndiyo maana tumempa ujemadari. Unajua mama wangapi waliopata ujemadari wakiwa hai?"

Sangoda akauliza, kwa heshima zote, jiwe la mama yake Waziri lilirushwa lini. Waziri akajibu kwamba mama yake ni mzima, ashukuriwe Mungu, naye anamwombea maisha marefu usiku na mchana, hasa mpaka vita viishe.

Alasiri hiyo Mboni alikwenda kuni. Ukungu ukaingia ndani kwa mlango, ukakaa. Sangoda alikuwa amesimama mbele ya jiwe, jembe mkononi, hajui aanzie wapi.

"Sogea," jiwe likasema. "Unanizibia mlango."

Akasogea. Sauti ilikuwa ile ile, ya mtu anayezungumza huku anachagua mawe katika mchele.

"Hilo jembe la nini?"

"Nitakuficha, mama. Nitachimba chini ya zizi."

"Nikae chini ya mavi ya mbuzi ili wewe uendelee kuvaa mkia wa tumbili?"

Mama akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Mama yake Mboni ulimficha wapi? Na yule mzee wa nyuki? Mawe ya wenzio yote yalikuwa mepesi, Sangoda. Langu ndilo limekuwa zito."

Sangoda akaketi chini, pale majivuni, akafunika uso. Akasema ataacha kazi. Mama akamwambia akiacha watamweka mwingine, na huyo mwingine hatajua uso wa jiwe uko wapi, naye mama atatua kwa pua kama gunia. Akasema atakimbia nalo. Mama akamuuliza kama amesahau lilivyofika hapo.

"Kurushwa hakunitishi," jiwe likasema. "Ninachoogopa ni kufika kwa watu bila kutajwa. Niitwe Mgeni Mnene. Utanitaja?"

Sangoda akafikiria sheria. Akafikiria ukungu, na mkongojo ule uliokuwa unagonga huko chini, na yeye mwenyewe akizurura humo bila hata jiwe la kutafuta. Alikaa na swali lile mpaka miguu ikafa ganzi. Alipoinua uso, jiwe lilikuwa limekuwa jiwe.

Siku yenyewe Mtukufu aliletwa kwenye machela, chini ya mwavuli wa manyoya, amelala kidogo. Waziri Kupaza akahutubia. Akasema leo historia inatutazama. Akasema jemadari wetu wa leo ni mzito kwa umbo na mzito kwa uzalendo, amejitolea kwa hiari yake, wala hakutoa hata neno moja la kupinga. Wananchi wakapiga vigelegele kwa ishara ya mkono. Mboni alikuwa amesimama ukingoni kabisa, kanga imebana kifua, hapigi.

Sangoda akawazuia wabebaji. Akalilaza jiwe mwenyewe katika ngozi ya nyati, akaligeuza kidogo, akaligeuza tena, mpaka uso ukaangalia mbele. Akalipangusa majivu. Kisha akaenda kushika kabari, na mkono wake uliozoea ukawa kama wa kuazima.

Akachomoa.

Chafya ikaguna, ikavuta pumzi, ikafyatuka. Nakiete hakukohoa. Alipita juu ya mwavuli wa Mtukufu akisonya, msonyo mrefu, wa kutoka ndani, ambao kila mtu pale aliwahi kusonywa na mtu fulani jikoni akiwa mdogo. Msonyo ukavuka korongo. Kishindo kikaja. Ukungu ukafunga.

"Nyie huko," sauti nene ikasema. "Huyu mkubwa ni nani?"

Askari wakawatazama watu, watu wakatazama miguu yao. Sangoda akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka chini, akatembea hadi ukingoni akasimama kando ya mkewe. Akaweka viganja vile vikubwa kinywani.

"Ni Nakiete," akasema, na korongo likalichukua jina likalibeba. "Ni mama yake Sangoda. Ana ulimi, mumvumilie. Hapendi kukaa karibu sana na moto, macho yanamwasha. Na msimsogeze mkifagia."

Waziri Kupaza akazinduka kutoka katika mshangao wake, akatamka pale pale, kwa sauti ya sheria, kwamba kuanzia saa ile mtu huyu hana jiwe, wala hatakuwa na jiwe, wala asiwekewe hata kokoto. Askari wawili wakamshika Sangoda, huyu mkono huu, yule mkono ule. Hakujivuta.

"Tumempokea Nakiete," sauti ikajibu kutoka ukunguni. "Katua vizuri. Tunamgeuza awatazame."

Mtukufu akafungua jicho, akauliza wanasema nini.

"Wanasalimu amri, Mtukufu," akasema Waziri.

Mboni alikuwa amekwisha kuweka mikono kinywani. Akaita jina la mama yake, mara ya kwanza likakatika, mara ya pili likaenda lote: jina, na jina la baba yake, na alama ya kuungua aliyokuwa nayo kwenye kiwiko, labda jiwe nalo linayo. Nyuma yake mtu akaita la mumewe. Mwingine akaita la fundi wa nyuki, akasema mzee huyo haoni vizuri, mmwongoze. Wakaja ukingoni, hao, wakisukumana kama watu kisimani wakati wa kiangazi, majina yakimiminika korongoni yakigongana, na Waziri juu ya kinu chake akitangaza adhabu kwa kila mmoja mpaka sauti ikamkauka.

"Ngojeni," sauti ya Ng'ambo ikasema. "Mmoja mmoja, jamani, tutawasikia wote. Huyu mama hajamaliza."

Watu wakatega masikio. Hata manyoya ya mwavuli yalitulia. Huko katika weupe ule palisikika kama mtu anainama, anasikiliza, anacheka kidogo.

"Anauliza, mwanawe amekula?"

Sangoda akatazama chini, akamtazama mkewe, na Mboni hakuondoa macho. Askari aliyemshika mkono wa kulia, kijeba mwenye ndevu, machozi yamemfika kidevuni, akaulegeza mkono ule akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Jibu, bwana," akamnong'oneza. "Mzazi anasubiri."

"Mwambieni bado," akasema Sangoda.